Tepu Nyeusi Kwenye Birika la Mama

Baba,

Kuna jambo sijamwambia mtu. Mama hajui. Padri hajui, na nimekwenda kuungama mara mbili tangu uondoke. Mara zote mbili nilitaja uvivu na kumjibu bibi vibaya, nikaishia hapo. Siku ile ulipoletwa kutoka Biharamulo ukawekwa sebuleni, akina mama walitoka mbio kumshika bibi aliyeanguka uani. Nikabaki peke yangu na wewe. Mfuko wako wa kazi ulikuwa umeachwa pale mlangoni. Nikaufungua, nikatoa kamera ya joto, nikakuelekezea.

Nilikupima, Baba. Kama ulivyokuwa unapima mota.

Basi, nimeandika. Nilidhani nikiliandika litapungua uzito, kumbe bado. Karatasi hii nimeshaifunika na daftari la hesabu mara tatu, maana leo watu wanapitapita hapa mlangoni. Leo tunamaliza matanga. Nje kuna turubai, kuna moshi, kuna Baba Mkubwa Gerevazi anayepanga viti kama mtu anayepanga kesi. Na kweli ni kesi. Nitakufikisha huko. Lakini niache niende polepole, kwa sababu tangu uondoke hakuna mtu wa kunisikiliza polepole. Wewe neno langu likichelewa ulikuwa unaendelea tu kuchuna waya mpaka lifike. Wengine wakiona nimekaa kimya wanajibu wao, halafu wanasema Odilia amekubali.

Hii ni wiki ya sita. Mama amerudi kwenye biashara yake ya vitenge kule Kabanga. Anaondoka na gari la kwanza na anarudi na miguu imevimba. Simu yako anatembea nayo yeye. Bado inaita. Juzi ilikuwa mtu wa Nyakisasa: "Fundi, boksi la umeme linanuka, uje na ile kamera yako." Mama akamjibu, "Fundi hayupo." Yule mtu akasema, "Basi akirudi umwambie." Mama akasema, "Haya, nitamwambia." Akakata simu, akaendelea kuchambua maharage. Maharage yenyewe yalikuwa yameshachambuliwa.

Vipande vyako vya tepu nyeusi bado vipo kila mahali. Kwenye kengele ya baiskeli kipo. Kwenye bati la choo, pale ulipotaka kunionyesha tofauti ya bati tupu na tepu, kipo. Na kile cha kwenye birika la Mama, ulichokibandika ukampimia chai akakuambia, "Mwanaume, chai inapimwa kwa kunywa," hicho nacho kipo. Kona zimeanza kunyanyuka kwa kuoshwa. Mama hupitisha steliwulu ya kusugulia pembeni yake, akikifikia anakizunguka. Mimi namwona, yeye hajui namwona.

Unakumbuka kitabu cha ile kamera? Kamera ulipoinunua kwa yule fundi aliyetoka kazi za mgodini, ilikuja na kitabu cha Kiingereza kitupu. Ukaniambia, "Wewe ndiye unayesomeshwa kwa Kiingereza, nisomee." Darasani mimi siwezi kusimama nikasoma hata sentensi moja, wenzangu wanacheka. Lakini kwako nilisoma kurasa zote. Nasoma kwa Kiingereza, nakuambia kwa Kiswahili, wewe unamgeuzia fundi mwenzako Mzee Bukuru kwa Kihangaza, naye juu ya ngazi anaitikia "eee" kama vile kamera ameitengeneza yeye. Kulikuwa na neno moja refu lililonishinda. Nilitafuta hata kwenye kamusi ya shule. Nikakueleza tu maana yake, kwamba vitu vingine hutoa joto lao wazi na vingine hulificha. Ukafikiri, ukasema, "Andika hivi: uwezo wa kitu kusema ukweli wake." Nikaandika kwa penseli pembeni. Bado pameandikwa.

Na watu walivyokuwa wanakuja! Kazi yako ilikuwa maboksi ya umeme, mota, sola za zahanati. Lakini ilipojulikana kwamba una kifaa kinachoona joto, kila mtu akawa na lake. Yule mfugaji aliyehamia Biharamulo kutoka Shinyanga alikuja na ng'ombe wake mwenye kiwele kilichovimba. Ukamwonyesha kwenye kioo robo moja ya kiwele inawaka nyekundu, nyingine zimepoa, ukamwambia amwite bwana mifugo kabla maziwa hayajaharibika yote. Alikushukuru na bado akauliza kama inaweza kuona ng'ombe aliyeibiwa yuko upande gani. Pale zahanati ya Nyakisasa mlango wa friji ya chanjo ulikuwa unavujisha baridi kwenye kona ya chini. Nesi alikuwa anaufunga kwa kiti, akidhani anaukomoa. Shuleni ulituonyesha nyuki walipojificha kwenye dari, donge la njano kama mkate. Hata bibi ulimpimia shimo lake la kuvundikia ndizi, ukamwambia pale katikati joto limeshapanda, ndizi ziko tayari kwa kukamua. Bibi akaingiza mkono kwenye majani, akatoa, akasema, "Nilijua tangu jana. Mkono wangu haumalizi betri." Halafu akakuvuta pembeni akakuuliza kwa sauti ya chini kama kamera inaona wachawi. Ukasema, "Mama, ingekuwa inaona wachawi ningekuwa na gari."

Nacheka, Baba. Naandika nacheka, na uso umelowa.

Sasa nifike kwenye lile la mashine.

Likizo moja ulinipeleka Biharamulo, wewe na Mzee Bukuru, kwenye mashine ya kusaga. Ulinipa kamera niishike mwenyewe kwa mara ya kwanza. Boksi la umeme lilikuwa wazi, ndani kuna vile vipande vya shaba vinavyong'aa kama sahani za harusi. Nikaelekeza. Nikaona doa jeupe kabisa, linawaka. Mimi ambaye sauti yangu haitoki, siku hiyo ilitoka: "Baba, moto!" Mwenye mashine akazima kila kitu. Foleni nzima ya akina mama na mabeseni yao ya mahindi ikaanza kulalamika. Wewe ukaja, hukukimbia. Ukaangalia kamera, ukaangalia boksi, ukaniangalia mimi. Ukasema, "Sogea kushoto." Nikasogea. Doa likasogea. "Sogea kulia." Likanifuata.

Mzee Bukuru alicheka mpaka akakaa kwenye gunia la pumba. "Odiria, mwanangu," akasema, na ile "l" yake isiyotaka kutoka, "umejikamata mwenyewe!" Na mama mmoja kwenye foleni akapaza sauti, "Fundi, huyo binti ndiye mwenye homa, mpeleke zahanati, mashine utuachie!" Nilitaka ardhi inimeze. Wewe hukucheka. Ulitoa tepu, ukakata kipande kwa meno, na umeme ukiwa umezimwa ukakibandika juu ya ile shaba. Umeme uliporudi, tukapima pale kwenye tepu. Pamepoa, hapana tatizo lolote. Ukaniambia maneno ambayo sasa nayasikia hata nikiosha vyombo: "Kitu kinachong'aa hakikuambii joto lake, kinakuambia lako. Kibandike tepu kwanza, halafu ndiyo ukiulize."

Sasa rudi sebuleni.

Jeneza lilikuwa na kile kidirisha cha kioo juu ya uso. Nilielekeza pale. Na kamera ikaniletea uso, Baba. Uso wenye joto. Mashavu ya machungwa, macho ya njano karibu na weupe, paji la uso linawaka. Nikasema moyoni, Baba ana joto. Baba yu hai, wamekosea, wamemfungia humo akiwa hai. Nilifurahi. Hilo ndilo siwezi kulisema kwa mtu, kwamba siku ya msiba wako kuna pumzi moja ambayo mimi nilifurahi kuliko siku zote za maisha yangu. Nikafungua mdomo nipige kelele.

Nikakumbuka Biharamulo. Nikasogea kushoto.

Uso ukasogea.

Nikasogea kulia. Nilisogea polepole sana, nikiomba ubaki pale pale ulipo. Haukubaki.

Nilikuwa najiona mimi. Kamera haipenyi kioo, na kioo nacho ni kitu kinachong'aa. Kilichokuwa kinawaka pale juu yako ni mimi. Na sikupiga kelele. Kuna siku naamka nikijiuliza, je, ningepiga? Mtu wa kawaida, asiyejua mambo ya kamera, angepiga kelele, jeneza lingefunguliwa, na labda... Najua. Najua kwamba daktari alisema ni moyo, na kwamba ilikuwa tangu asubuhi. Lakini sina wa kumuuliza, kwa sababu nikiuliza itabidi niseme nilichofanya.

Nikasikia akina mama wanarudi na bibi. Nikaiweka kamera chini ya kanga, nikaenda chumbani, nikaifungia kwenye tranka langu la shule, katikati ya sare. Nilifikiri nitairudisha usiku. Usiku watu walijaa. Kesho yake tulikuzika.

Siku ya tatu vifaa vyako vilitolewa mbele ya ukoo. Koleo, tester, ngazi, kila kitu kikawekwa kwenye mkeka. Kamera haikuwepo. Baba Mkubwa akauliza, "Huu mfuko umekuja na nani?" Mzee Bukuru akasema, "Na mimi." "Na kamera ya marehemu?" "Niliiweka humo kwa mkono wangu huu." Baba Mkubwa akasema, "Basi huo mkono ndio tunaoutafuta."

Nilikuwa hapo, Baba. Nilikuwa namimina chai. Nimeshika birika, lile lenye tepu, na Mzee Bukuru alikuwa mita moja mbele yangu na kikombe chake. Nilimimina mpaka kikafurika kikamuunguza vidole. Alinitazama tu, akafikiri ni uchungu wa msiba, akaniambia, "Pole, mwanangu." Yeye ndiye aliyeniambia pole.

Siku ile nilinyamaza kwa aibu. Kesho yake nilinyamaza kwa sababu ya jana yake. Baada ya wiki nilikuwa sijui tena mlango wa kutokea uko wapi.

Mzee Bukuru hapiti tena njia ya kwetu. Miaka yote ile mliyopanda ngazi pamoja, yeye anashika wewe unapanda, wewe unashika yeye anapanda, na sasa watu wa Murukulazo hapa wanasema ni fundi anayeibia maiti. Wa mashine ya Biharamulo wamemtafuta fundi mwingine. Kanisani anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, matangazo yakianza ametoka. Nilikutana naye mara moja njiani, nikamwambia, "Shikamoo." Akasema, "Marahaba, Odiria. Unasoma?" Nikasema, "Nasoma." Akasema, "Soma. Baba yako alikuwa anakusifu mpaka natamani nimnyamazishe." Akaenda zake. Nilikaa kwenye nyasi pale pale, nikachelewa shule.

Kuna jambo lingine, na hili ndilo limenifanya nichukue kalamu.

Nilikuwa naifungua ile kamera nikiwa peke yangu. Si kwa kupima, ila kwa kutazama picha ulizohifadhi. Ng'ombe yupo, friji ipo, nyuki wapo, shimo la bibi lipo, miguu yangu iko, sijui uliipiga lini. Nilijaribu hata kuielekeza kwenye picha yako ile ya ukutani yenye fremu. Nilijiona mimi tena. Kila kioo katika nyumba hii ni mimi tu.

Lakini picha ya mwisho ni ya asubuhi yako ya mwisho, pale mashineni. Mwenye mashine alikuwa ameweka mlango mpya wa boksi, wa bati jeupe linalong'aa. Uliupiga picha bila kubandika tepu. Wewe! Wewe uliyenifundisha. Mwanzoni nilikasirika kabisa, nikasema Baba amesahau kanuni yake. Halafu nikatazama vizuri. Kwenye lile bati kuna mtu amesimama, wa rangi ya machungwa, mkono mmoja umenyanyua kamera, mwingine uko kifuani. Ni wewe. Ndiyo picha pekee ya kamera hii ambayo wewe umo, na una joto, Baba, una joto lako mwenyewe mwili mzima. Na nyuma yako kuna mtu wa pili. Amekukumbatia chini ya kwapa, kichwa chake kimegusana na chako mpaka joto lenu halina mpaka. Ni mfupi, ana kofia ile yake. Ni Mzee Bukuru. Amekushika usianguke.

Nadhani hukuwa unapima chochote tena. Nadhani kidole kilibonyeza tu.

Hiyo picha nimeitazama mara nyingi mno, na ndiyo maana betri imebaki alama moja nyekundu. Chaja iko kwenye mfuko, na mfuko umefungiwa kwa Baba Mkubwa. Usifikiri naungama kwa sababu ya chaja. Au kidogo. Sitaki kukuficha kitu. Tangu Jumatano sijaiwasha, ili leo iwake mara moja, watu waone.

Maana leo wamemwita. Baba Mkubwa amesema mbele ya wote kwamba Bukuru ama aje na kamera, ama asikanyage tena uwanja huu wala kaburi lako, na kesho jambo liende kwa mtendaji. Na amekuja. Nimemsikia sasa hivi kupitia dirishani. Amebisha hodi kwenye uwanja aliouzungushia fensi kwa mikono yake, na mpaka hodi ya tatu ndipo mtu akasema karibu. Amekuja bila kitu mkononi, ila ameleta mkungu wa ndizi kwa bibi. Kuna mtu amesema, "Kamera imeota migomba siku hizi." Wamecheka. Kikohozi cha Mzee Bukuru tu nimekisikia.

Ni mimi, Baba. Pale Biharamulo nilionyesha kidole kwenye shaba na moto ulikuwa wangu. Safari hii sikuonyesha hata kidole, nilikaa kimya tu, na moto wangu ukamuunguza mwingine wiki sita. Mzee Bukuru hana joto la wizi. Wanalotazama kwake ni langu.

Naogopa. Sitakudanganya kwamba siogopi. Nikifikiria macho yote yale chini ya turubai, najiona nimesimama tena darasani. Ndiyo maana nimeandika, ili ikinishinda kusema, karatasi iseme. Mama akisoma atajua kwamba nilikuelekezea kamera ukiwa umelala. Atajua na lile la furaha. Sijui atanitazamaje. Labda yeye naye ana lake, kama mimi ninavyojua habari ya steliwulu.

Nakuahidi mambo mawili. Kamera nitaiweka mkononi mwa Mzee Bukuru, si mwa Baba Mkubwa, mbele ya watu, kisha nitawaomba watazame ile picha kabla haijazimika. Wakitaka kuigawa, waigawe baada ya hapo. La pili, nikipewa tena nafasi ya kushika chombo chako chochote, sitatamka kwamba kitu kina moto kabla sijasogea kushoto na kulia.

Na wewe pumzika huko uliko. Sitakupima tena. Nakuamini kwamba umepoa.

Kuna nyayo zinakuja. Ni Mama, anakuja kuniita nimimine chai. Kandambili yake ya kulia ina kamba uliyoifunga kwa waya, inagonga mara mbili, ile nyingine inagonga mara moja. Kamera iko hapa juu ya kitanda, nimeshaitoa kwenye tranka. Daftari la hesabu liko karibu na kiwiko changu.

Silichukui. Karatasi naiacha wazi hapa hapa, wino haujakauka, na mlango sijaufunga.

Mwanao,
Odilia